Sukari Katika Mukojo: Wakati Dawa Yenyewe Njo Inaileta



Tuanze na swali. Mutu mwenye ugonjwa wa sukari anaenda labo. Wanatia bandeleti ndani ya mukojo wake, na kale kasehemu ka glukosi kanageuka rangi mupaka mwisho kabisa. Hiyo ni habari mbaya ao habari nzuri?

Kama unakumbuka biolojia ya sekondari, utasema ni mbaya: sukari ikionekana kwenye mukojo, damu imejaa sukari. Jibu hilo lilitosha kwa muda murefu. Lakini tangu mwaka 2012 kuko familia moja ya dawa za ugonjwa wa sukari ambayo kazi yake ni hiyo hasa: kutoa sukari kwenye damu na kuitupa kwenye mukojo. Mutu anayemeza dawa hiyo vizuri, kila siku, mukojo wake utakuwa na sukari hata siku ile damu yake iko muzuri kabisa.

Mimi nilisoma farmasi, na ninafanya kazi kwenye kaunta ya farmasi hapa Bukavu. Tangu hizi dawa zianze kuandikwa kwenye ordonansi ninazopokea, ninasikia maneno mawili yanarudi. La kwanza linatoka kwa mugonjwa: "Dokta, hii dawa haifanye kazi, wamepima mukojo yangu, sukari ingali mule." La pili linatoka kwa mutu aliyesoma, mara mingi mumoja wetu: "Tulimupima damu, sukari iko sawa, basi haiko sukari inamusumbua."

Wote wawili wanasoma alama kwa kanuni ya zamani, na dawa imekwisha kugeuza kanuni. Neno la kwanza linaweza kufanya mutu aache dawa inayomusaidia. Neno la pili linaweza kumuua. Njo maana leo ninataka tuingie ndani ya figo, tuone sukari inapitia wapi. Ukielewa njia hiyo, hautahitaji kukariri kitu.

1. Gramu 180 kila siku

Figo zetu mbili zinachuja karibu litre 180 za maji ya damu kila siku. Jumla ya maji ya damu, ile plasma, ni kama litre 3 tu. Maana yake plasma yote inapita kwenye chujio karibu mara 60 kwa siku moja.

Chujio lile linazuia vitu vikubwa, kama chembe za damu na protini. Glukosi ni kitu kidogo, inapita bila shida pamoja na maji na chumvi. Sasa tufanye hesabu. Mutu muzima, asubuhi mbele ya kula, yuko na karibu gramu 1 ya glukosi kwa litre ya plasma. Mara 180, unapata gramu 180. Hizo ni zaidi ya vijiko 40 vya chai vya sukari, ambavyo kila siku vinatoka kwenye damu na kuingia ndani ya mirija ya figo, kwenye njia ya kwenda kibofuni.

Na bado, mukojo wa mutu muzima haukuwe na sukari ya kuonekana kwenye bandeleti. Zile gramu 180 zinaenda wapi? Zinarudishwa. Mwili uliumbwa kama mama anayejua njaa: hakuna chakula kinachotupwa. Kila kitu kimechujwa kinapita tena mbele ya ukaguzi, na kile chenye faida kinarudi ndani.

2. Wabebaji wa kwenye murija

Glukosi haiwezi kuvuka ukuta wa murija peke yake. Inahitaji kubebwa. Kwenye ukuta wa ile sehemu ya kwanza ya murija kuko protini ambazo kazi yao ni kubeba. Wataalamu wanaziita SGLT, na mbili njo zinatuhusu: SGLT2 na SGLT1.

SGLT2 iko pale mwanzo wa murija. Hiyo njo inafanya sehemu kubwa ya kazi, karibu asilimia 90 ya glukosi yote inarudi kupitia kwake. Inabeba mingi kwa haraka. SGLT1 iko mbele kidogo, mwisho wa sehemu hiyo, na inaokota ile iliyobaki. Ukiwahi kuona watu wakivuna maharage, unaelewa: wa kwanza wanapita na vikapu vikubwa, nyuma yao anakuja mumoja anayeokota zile zilizoanguka.

Nguvu ya kubeba inatoka wapi? Inatoka kwa chumvi, ile sodiumu. Upande wa ndani ya seli, kuko pampu inayotupa sodiumu inje bila kupumuzika, na pampu hiyo inakula nguvu ya mwili. Kwa sababu hiyo sodiumu iko kidogo ndani ya seli na mingi ndani ya murija, na kila mara inatafuta kuingia. SGLT2 inaikubalia kuingia, lakini kwa sharti: lazima ije pamoja na glukosi. Sodiumu moja, glukosi moja. SGLT1 yenyewe inadai sodiumu mbili kwa glukosi moja, na hivyo inaweza kuvuta glukosi hata kama imebaki kidogo sana.

Ikiisha kuingia ndani ya seli, glukosi inatokea upande wa pili kupitia mulango mwingine unaoitwa GLUT2, na iko tena ndani ya damu.

Shikeni neno moja hapa, sababu tutalirudilia: glukosi na sodiumu zinasafiri pamoja. Ukifunga njia ya moja, unagusa ya pili.

3. Mupaka wa gramu 1,8

Wabebaji wana hesabu. Hawawezi kubeba bila mwisho. Sukari ya damu ikipanda, mingi inachujwa, na kuko wakati wabebaji wote wako na muzigo. Ile inayozidi inaendelea na njia mupaka kibofuni. Kwa mutu muzima, hiyo inaanza kuonekana damu ikifika karibu gramu 1,8 kwa litre, ao miligramu 180 kwa desilita kama mashini yako inaandika hivyo.

Kwa hiyo, zamani, sukari kwenye mukojo ilikuwa na maana moja kubwa: damu imevuka ule mupaka. Waganga wa India ya kale waliona sisimizi wakikusanyika kwenye mukojo wa wagonjwa fulani, na wakauita ugonjwa huo madhumeha, mukojo wa asali. Hata hapa kwetu kuko wazee wanaoangalia sisimizi nyuma ya nyumba na kusema, "Huyu mutu yuko na sukari." Hawakosei, kwa mutu asiyemeza dawa hizi.

Sasa kuko jambo la kushangaza. Ungefikiri figo ya mugonjwa wa sukari, ikiona damu imejaa, ingeachilia sukari itoke. Inafanya kinyume. Kwa watu wengi wenye ugonjwa huu, uwezo wa figo wa kurudisha glukosi unaongezeka, na mupaka unapanda, unapita 1,8. Figo inaendelea kuokoa sukari kama vile njaa iko mulangoni, wakati mwili umekwisha kujaa. Basi figo nayo inasaidia kuweka sukari juu. Watu wengi wanajua kosa la kongosho kwenye ugonjwa huu, lakini hii kazi ya figo hawaijui.

4. Ganda la muti

Wazo la kufunga njia hii halikutoka kwa kompyuta. Lilitoka kwa muti. Mwaka 1835, wakemia wawili wa Ubelgiji, Laurent-Guillaume de Koninck na Jean Servais Stas, walitoa kitu kichungu ndani ya ganda la mizizi ya muti wa pomu. Kikaitwa florizini. Kwa sababu ya uchungu wake, uliofanana na ule wa ganda la kinkina, watu walifikiri kitaponyesha homa na malaria. Sisi wa Kivu tunajua kinkina. Mashamba yake yako kwenye milima yetu, na kinini imekuwa ikitengenezwa hapahapa Bukavu. Kwa hiyo tunaelewa namna wale watu walifikiri: ganda chungu, homa inashuka.

Homa haikushuka namna walivyotumaini, lakini kitu kingine kilionekana. Mwaka 1886, dokta wa Ujerumani Joseph von Mering aliandika kwamba florizini inatokeza sukari kwenye mukojo wa imbwa. Ni huyuhuyu ambaye mwaka 1889, pamoja na Oskar Minkowski, alionyesha kwamba ukitoa kongosho ya imbwa, imbwa anapata ugonjwa wa sukari.

Karibu miaka mia moja florizini ilibaki kifaa cha watu wa labo tu. Mwaka 1987, Luciano Rossetti, Ralph DeFronzo na wenzao waliipatia panya wenye ugonjwa wa sukari. Sukari ya damu ilirudi sawa, na zaidi ya hiyo, miili ya wale panya ikaanza tena kusikia insulini vizuri. Hapo wazo lilikuwa wazi: unaweza kushusha sukari bila kusukuma kongosho, kwa kufungulia mulango wa inje tu.

Lakini florizini yenyewe haikufaa kuwa kidonge. Tumbo linaivunja, haiingii vizuri kwenye damu. Na inafunga SGLT1 pia, ambayo iko mingi ndani ya utumbo. Ukifunga SGLT1 ya utumbo, sukari ya chakula inabaki ndani ya tumbo na mutu anahara. Wakemia walitafuta kitu kinachofanana nayo, ambacho hakivunjiki na ambacho kinachagua SGLT2 zaidi. Njo tukapata gliflozini: dapagliflozini, iliyokubaliwa Ulaya mwaka 2012, kisha kanagliflozini na empagliflozini. Majina yote yanaishia vilevile, ni rahisi kuyatambua kwenye sanduku.

5. Kidonge kikiingia

Gliflozini inashika SGLT2 na kuifunga. Sasa ile sehemu kubwa ya glukosi inapita bila kubebwa. SGLT1, ile ya kuokota, inajikaza na kuokota kuliko kawaida, lakini haitoshi. Kwa jumla, kati ya asilimia 30 na 50 ya glukosi iliyochujwa inatoka na mukojo. Kwa mugonjwa mwenye figo zinazofanya kazi vizuri, hiyo ni kama gramu 60 mupaka 80 kwa siku. Kila gramu iko na karibu kilokalori 4, basi mutu anakojoa kilokalori 240 mupaka 320 kila siku. Njo maana wengi wanapunguza kilo kidogo, mara mingi mbili ao tatu.

Angalia pia uzuri mumoja wa njia hii. Sukari ya damu ikishuka, figo inachuja kidogo, na dawa inatoa kidogo. Inajipunguza yenyewe. Haisukumi kongosho kutoa insulini. Kwa hiyo, ikiwa peke yake ao pamoja na metiformini, ni mara chache inaangusha mutu kwa sukari ya chini. Hatari hiyo inaongezeka ikiwekwa pamoja na insulini ao na dawa kama glibenklamidi, na hapo dokta anaweza kupunguza dozi ya hizo zingine.

Na kama figo zimechoka, zinachuja kidogo? Hapo hakuna sukari ya kutosha ya kutupa, na nguvu ya kushusha sukari inapungua sana. Mutu angesema, basi dawa haina kazi tena. Lakini hapa njo mahali wataalamu wenyewe walishangaa.

6. Chumvi inafikisha habari

Rudini kwenye lile neno niliwaomba mushike: glukosi na sodiumu zinasafiri pamoja. Dawa ikifunga SGLT2, sodiumu pia haibebwi pale mwanzo. Inaendelea na murija mupaka mahali fulani ambapo seli za ulinzi zinapima chumvi inayopita.

Katika ugonjwa wa sukari, kwa sababu SGLT2 inabeba kupita kiasi, chumvi kidogo njo inafika kwa walinzi wale. Wanafikiri figo inachuja kidogo, na wanafungua zaidi murija wa damu unaoingia kwenye chujio. Shinikizo linapanda ndani ya chujio. Miaka na miaka ya shinikizo hilo linapasua chujio polepole: protini inaanza kupita, kisha figo inakufa.

Na gliflozini, chumvi inafika tena kwa walinzi. Wanabana kidogo ule murija unaoingia. Shinikizo linashuka. Chujio linapumuzika.

Ndiyo sababu, majuma ya kwanza, kreatinini inaweza kupanda kidogo. Mugonjwa anaona karatasi ya labo na kuogopa: "Dawa inaniharibu figo." Kupanda kidogo namna hiyo ni kule kupumuzika kwa chujio. Kwa muda murefu, figo inadumu. Ikipanda sana, hiyo ni mambo mengine, dokta lazima aangalie.

Majaribio makubwa yalionyesha hayo. Mwaka 2015, jaribio la empagliflozini kwa watu zaidi ya 7000 wenye ugonjwa wa sukari na wa moyo lilionyesha kwamba vifo vya moyo na mishipa vilipungua kwa asilimia 38. Mwaka 2020, jaribio la dapagliflozini kwa watu 4304 wenye ugonjwa wa figo lilionyesha kwamba hatari ya figo kuharibika sana, ao ya kufa juu ya figo ao moyo, ilipungua kwa asilimia 39. Karibu mumoja kati ya watatu katika jaribio hilo hakukuwa hata na ugonjwa wa sukari. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani liliweka familia hii kwenye orodha yake ya dawa za lazima.

Kwetu hayo haiko mambo ya gazeti la wasomi. Sisi wote tunajua dialisi iko wapi katika inchi hii na inaomba pesa gani. Familia inauza kiwanja, na kiwanja kinamalizika mbele ya mugonjwa. Dawa inayosogeza mbele siku ya dialisi kwa miaka kadhaa ni kitu kikubwa kwa mutu wa Bukavu kuliko kwa mutu wa Brussels. Njo maana inaniumiza kuona mutu anaiacha kwa sababu ya rangi ya bandeleti.

7. Alama ya kwanza iliyogeuka: mukojo

Sasa unaweza kujibu swali la mwanzo wewe mwenyewe. Mutu anameza gliflozini, bandeleti inaonyesha glukosi mupaka mwisho. Hiyo inasema kitu kimoja tu: dawa imefika kwenye figo na SGLT2 imefungwa. Haisemi kitu juu ya sukari ya damu. Sisimizi nyuma ya nyumba nao hawasemi tena kitu.

Kujua kama ugonjwa umetulia, pima damu: glisemi ya asubuhi kwa mashini, ao hemoglobini glike, inayoonyesha wastani wa miezi kama mitatu. Na ukienda labo, ama ukimupeleka mutu, sema jina la dawa. Ninyi mnaosoma labo na uganga, ulizeni mugonjwa anameza nini mbele ya kuandika "glukosi +++" na kumutisha. Mama mumoja aliniletea sanduku lake zima la vidonge, akitaka kurudisha. Nilimuonyesha kwa kidole kwenye karatasi: "Mama, hii sukari unaona hapa, ni ile dawa imetoa ndani yako." Akacheka, akasema, "Basi mungenielezea tangu mwanzo." Yuko na haki.

8. Alama ya pili iliyogeuka: damu

Hii ya pili someni polepole.

Mwili ukikosa insulini ya kutosha, unaanza kuchoma mafuta, na ini linatengeneza ketoni, ile watu wa labo wanaita asetoni. Ketoni ni asidi. Zikijaa, damu inageuka asidi, na mutu anaweza kufa. Kwa kawaida hali hiyo inakuja pamoja na sukari ya juu sana, gramu 3, gramu 5 kwa litre. Mashini inapiga kelele, kila mutu anajua kuko hatari.

Mutu anayemeza gliflozini yuko tofauti. Kwa kuwa sukari inatoka na mukojo, kongosho inapunguza insulini na inaongeza homoni nyingine, glukagoni, ambayo inasukuma ini kutengeneza ketoni. Siku za kawaida hiyo haina neno, mutu anakula, mambo yanakaa sawa. Lakini akikaa bila kula, akitapika, akihara, akipasuliwa, insulini inashuka zaidi, ketoni zinapanda. Na figo inaendelea kutupa sukari inje. Kwa hiyo mashini ya damu inaonyesha gramu 1,5 ao 1,8, kitu ambacho kwa mugonjwa wa sukari kinaonekana muzuri, wakati damu inageuka asidi. Shirika la Marekani linalosimamia dawa lilitoa onyo juu ya hali hiyo mwaka 2015. Haitokei mara mingi, lakini ikitokea inadanganya.

Na inadanganya kwetu kuliko kwingine. Dalili zake ni kichefuchefu, kutapika, tumbo kuuma, kuchoka sana, kupumua haraka na kwa nguvu. Mutu akitapika na kuchoka hapa kwetu, neno la kwanza kila mutu anatamka ni gani? Malaria. La pili? Tifoidi.

Jioni moja kijana aliingia farmasi na ordonansi ya dawa za malaria na dawa ya kuzuia kutapika. Ilikuwa ya mama yake. Nikamuuliza, "Mudogo wangu, mama anameza dawa gani zingine?" Akatoa sanduku mfukoni: dapagliflozini. Nikauliza tena, "Anakula?" Akasema, "Hapana, Dokta, walikuwa kwenye maombi. Leo ni siku ya tatu ya kufunga. Lakini dawa ya sukari hakuacha, walimuambia isiachwe hata siku moja. Na tulimupima kule kituoni, sukari ni 1,64, walisema iko muzuri."

Nilimuambia arudi, amupeleke mama hospitali usiku uleule, na sanduku mukononi, aseme wazi: anameza hii dawa, alifunga siku tatu, anatapika, tunaomba mupime asetoni. Ketoni zilikuwa juu sana. Walimutia seromu yenye glukosi pamoja na insulini, alikaa kule siku ine, akatoka. Angalia dawa waliyomupatia: sukari na insulini pamoja. Kwa mutu asiyejua njia ya figo, kumutia glukosi mugonjwa wa sukari inaonekana kama wazimu. Lakini wewe sasa unaelewa: insulini inazima ketoni, na glukosi inazuia sukari isishuke wakati insulini inafanya kazi.

9. Yale ya kukumbuka nyumbani

Mimi haiko dokta wa familia yako, na dozi inabadilishwa na dokta. Lakini haya, kila mutu aliyesoma anaweza kuyaelezea nyumbani kwao.

Kutapika, kuhara, kushindwa kula ao kunywa: gliflozini inasimamishwa kwa muda, na mutu anaenda kuonwa. Inarudi wakati anakula na kunywa kama kawaida, kisha kuongea na dokta. Insulini yenyewe haiachwi hivihivi, hiyo ni kanuni nyingine.

Kufunga, ikiwa ni maombi ya siku tatu bila chakula wala maji, ikiwa ni Ramadhani kwa ndugu zetu Waislamu wa Maniema na kwingine: ongea na dokta mbele ya kuanza. Imani haikatazwi. Ni kidonge njo kinapangwa upya, na kuko wagonjwa ambao dokta atawaomba wasifunge.

Upasuaji uliopangwa: wanasimamisha dawa siku tatu mbele. Muambie yule atakayekulaza usingizi, hata kama hakuulize.

Dalili zile za ketoni: hospitali, hata kama mashini inaonyesha sukari ya kawaida. Ketoni za damu njo kipimo bora. Kama hakiko, bandeleti ya mukojo yenye kipimo cha asetoni inasaidia.

Maji: kunywa ya kutosha, zaidi kwa wazee na kwa wale wanaomeza furosemidi ao dawa zingine za kukojoza, sababu shinikizo la damu linaweza kushuka na kichwa kuzunguka wakati wa kusimama.

Usafi: sukari kwenye mukojo inapendwa na ukungu. Kuwashwa sehemu za siri kunatokea, zaidi kwa wanawake. Ni haya inayofanya watu wanyamaze, kisha wanaacha dawa kimyakimya. Kujisafisha kwa maji, kujikausha, na kusema mapema, mara mingi krimu ya siku chache inatosha. Lakini sehemu hizo zikivimba na kuuma sana pamoja na homa, hiyo ni ya hospitali leoleo.

Na kuko wale ambao hawapashwe kuimeza: mama mwenye mimba, na kwa kawaida mutu mwenye ugonjwa wa sukari wa aina ya kwanza, yule ambaye kongosho yake haitoi insulini tangu mwanzo.

Ndugu na dada, wengi wetu njo "mutu aliyesoma" wa familia. Ulisoma haki, uchumi, agronomia, haijalishi: karatasi ya labo ikifika nyumbani, wanakupatia wewe uisome. Basi mbele ya kusema "iko muzuri" ao "iko mubaya", omba kwanza waonyeshe sanduku la dawa. Kama jina linaishia na gliflozini, mukojo wenye sukari usikutishe, na damu yenye sukari ya kawaida, kwa mutu anayetapika ao asiyekula, isikutulize.